Fundi Hukaa Omoni

Magari ya watu wa Amu hayaishi Amu. Mjini kwenyewe, kisiwani, njia ni nyembamba, punda wawili wakikutana mmoja sharti awe na adabu, sembuse gari. Kwa hiyo mtu akijaliwa kununua gari huliweka Mokowe, ng'ambo, karibu na gati, na kila akilikumbuka hupanda mashua kwenda kulijulia hali.

Asubuhi moja kijana mmoja aitwaye Wazir alikuwa kibandani hapo Mokowe, anakula mahamri na mbaazi ambazo hakuwa na nia ya kuzilipia, macho yake yakiwa kwenye Land Cruiser nyeupe ya viti vinane. Viti vyenyewe vilikuwa vya ngozi, na nailoni ya dukani ilikuwa haijatolewa. Ngazi za pembeni zinameta. Ila bampa la mbele lilikuwa limening'inia, limefungwa kwa kamba ya mbuzi.

Wazir ndilo jina lililokuwa kwenye kitambulisho chake. Majina ya kazi alikuwa nayo mengi. Malindi alikuwa wakala wa viwanja, Mombasa alikuwa mganga wa friji, na Kilifi aliwahi kuwauzia watu maji ya kisima, wenye kisima wakiwa ni wao wenyewe. Hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Alikuwa na ulimi mzuri tu, na ulimi ukishakuwa mzuri mwenyewe huona dhambi kuuacha ukae bure.

Kando ya gari alisimama mama wa makamo ndani ya buibui, Bi Mwanamkisi, mjane mwenye nyumba tatu mjini, na mbele yake kijana wa nduguye, Ammar, ambaye ndiye dereva.

"Mara ya tatu hii, Ammar."

"Shangazi, si mimi. Ni Meno ya Bibi."

Meno ya Bibi ni mwamba wa matumbawe uliokatiza njia ya Kiunga, umechongoka juu na umeliwa chini. Hauna njia ya kuuzunguka, maana kushoto ni matope na kulia ni mikoko. Pikapu zenye moyo huupita kiangazi. Mvua zikinyesha ukawa telezi, hata wenye moyo hurudi nyumbani kwa wake zao.

"Mwanangu Hayat huko Kiunga ana mimba ya miezi saba," akasema Bi Mwanamkisi, si kwa Ammar tena, kwa dunia yote. "Uzazi wa kwanza alipasuliwa. Daktari asema huu wa pili asizalie Kiunga, na mashuani asitiwe na kusi hili. Sasa nimtukue na ndia gani?"

Mtu mwingine angesikia habari ya mja mzito. Wazir alisikia viti vinane vya ngozi. Akapangusa mikono, akainuka.

"Asalaam aleikum, Bi. Niwie radhi kuingilia maneno ya watu."

"Waaleikum salaam. U mwana wa nani wewe?"

Swali hilo Wazir alilitegemea, kwani pwani hii huulizwi kazi yako kabla ya kuulizwa wazee wako. "Mimi ni wa papa hapa, Bi. Nimekulia Mombasa tu. Babu yangu alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya bahari Matondoni. Fundi Nabhan, Mungu amrehemu."

"Matondoni," akasema Bi Mwanamkisi. Akamtazama kitambo. "Amin. Na wewe ni fundi wa nini?"

"Magari ya kupanda miamba."

Basi hapo ulimi ukafunguliwa. Akamweleza kwamba gari hili ni la harusini, limelelewa kwa mayai, na kule linakopelekwa panataka gari litambaalo polepole, kila gurudumu likishika jiwe lake. Liinuliwe juu kwa springi ndefu za kutoka Dubai. Livishwe matairi makubwa yenye meno. Chini ya tumbo liwekwe mabamba ya chuma ili mwamba usipasue tangi la mafuta. Difu zifungwe, magurudumu yote yavute pamoja, moja likining'inia hewani mengine yasibaki yakilitazama. Yote hayo alikuwa ameyaona kwenye simu ya mtu mwingine ndani ya basi, kutoka Malindi mpaka Mokowe, na kichwa chake kilikuwa kizuri.

"Lakini kabla ya yote, Bi, tulipunguze uzito."

"Uzito gani?"

"Viti. Kwani waenda Kiunga na watu wanane? Mwachie Ammar chake, na kimoja cha mbele, na benchi la kati alale bintiyo. Vya nyuma vyote vitoke. Zulia litoke. Ngazi za pembeni zitoke, zitakwama kwenye mawe. Redio, spika, keria ya juu."

Na hapa ningependa tusimame kidogo tuipe heshima yake kazi ya mtu. Uzuri wa hila hii ulikuwa kwamba hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Mafundi wa kweli wa magari hayo hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao wakishatoa viti humrudishia mwenyewe, na Wazir alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa Mombasa kabla hajameza hamri la mwisho. Mwenye mali alikuwa anamlipa mwizi ili amwibie, na bado amwambie ahsante.

Bi Mwanamkisi alifikiri. "Nusu ya pesa sasa, nusu likisha kuvuka Meno ya Bibi."

"Haki kabisa," akasema Wazir, ambaye siku gari likivuka Meno ya Bibi alikusudia kuwa Tanga.

Kazi akaipeleka uwanjani kwa Patroba, mchomeaji vyuma aliyekuja Mokowe kwa kazi ya bandari akaishia kupapenda. Patroba alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya kweli, wala hakupenda alichokisikia.

"Vipande vya mbao? Chini ya springi?"

"Tupake rangi nyeusi. Gari litainuka."

"Litainuka. Na likikanyaga jiwe la kwanza?"

"Mimi na wewe tutakuwa hatupo."

"Wewe hutakuwepo," akasema Patroba. "Mimi naishi hapa."

Hata hivyo akaanza kung'oa, kwani kung'oa kulikuwa sawasawa kwa njia zote mbili. Viti vikapanda basi usiku huo huo kwa jina la jamaa wa Mombasa. Redio ikafuata, kisha zulia, kisha ngazi za pembeni. Matairi Wazir akayapata manne makuukuu, makubwa, yamelika mpaka yamekuwa laini, akayapaka rangi ya viatu yakang'aa.

Bi Mwanamkisi alikuwa akivuka kila siku ya tatu kuja kutazama, na hakuja mikono mitupu. Alileta wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa kwenye kiti cha plastiki akihakikisha fundi anakula. "Fundi wangu hashindi na ndaa," alikuwa akisema. Hakuuliza viti vimekwenda wapi. Wazir alimwonea huruma kidogo, akaongeza wali.

Wiki ya pili Bi Mwanamkisi akamwomba kitambulisho. "Ndia ya Kiunga ina vizuizi vya askari. Majina ya wasafiri hupelekwa mapema. Ammar atakwenda kuandikisha."

"Majina ya wasafiri?" Wazir akauliza, tonge mkononi. "Mimi nimo?"

"Na nani mwingine?" Bi Mwanamkisi akashangaa kwa upole. "Wewe si mjukuu wa fundi wa Matondoni? Ada ya mafundi wa vyombo waiyua. Chombo kipya safari yake ya kwanza fundi hukaa omoni, mbele kabisa, mpaka kifike. Kikizama, wa kwanza kunywa mai ni yeye. Ndipo watu hupanda na mioyo yao imetua. Au babu yako hakukufunza?"

Sasa mtazameni Wazir. Angesema haijui ada hiyo, angekuwa hana babu, na asiye na babu hana ufundi, na asiye na ufundi gari la watu amelipasulia nini? Akalitia tonge kinywani. Akalisukuma kwa maji.

"Alinifunza, Bi. Tena alisisitiza."

"Nilidhani," akasema yule mama, akapokea kitambulisho, akakitia mkobani.

Jioni ile Wazir alikwenda kituo cha basi. Aliambiwa tiketi ipo, kitambulisho kiko wapi? Barabara ya kutoka nayo ina vizuizi vyake, na bila kitambulisho mtu hushushwa njiani akabaki anaeleza. Mkata tiketi akamwambia haya kwa ukarimu mkubwa, kisha akamuuliza habari za gari la shangazi yake. Alikuwa ni nduguye Ammar. Mji mdogo ni mzuri mpaka siku utakapotaka kuuhama.

Alirudi kwa Patroba amenyong'onyea. Akajilaza chini ya gari, akavitazama vile vipande vya mbao, vyeusi, vizuri, vimekaa palepale ambapo maisha yake yangeegemea. Aliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Aliuona ule mwamba, akajiona amekaa kiti cha mbele, na vipande vikiruka kila kimoja na njia yake.

"Patroba."

"Naam."

"Yale mambo yote niliyomwambia yule mama. Tuyafanye."

Patroba alizima mashine yake ya kuchomea, akainua kioo cha uso. "Yote?"

"Yote."

"Springi nazo?"

"Springi ndiyo kwanza."

"Zile ulizosema zitatoka Dubai?"

"Zitoke popote, Patroba, bora ziwe za chuma."

Pesa za viti zikarudi barabarani zilikotoka. Zikaleta springi ndefu na shokamzoba za kuendana nazo. Nusu aliyopewa na Bi Mwanamkisi ikaleta matairi mapya yenye meno ya kutisha mbuzi. Vya kufungia difu vikagharimu simu ya Wazir na saa yake. Mabamba ya chini Patroba aliyakata kwenye mlango wa kontena uliotupwa, na akataka ujira wake mkononi kabla ya kuchomea, kwa kuwa alimjua mtu wake. Ikaenda pete. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini hawakusema kwamba atajilia mwenyewe, tena kwa haraka.

Na jambo la ajabu likatokea, ambalo nalisema taratibu kwa sababu Wazir mwenyewe alilionea haya. Kazi ilimwingia. Alikuwa anaamka alfajiri, akisha kusali anaingia chini ya gari. Walikata pembe za bodi ili matairi yasisugue. Alikaza nati, akarudi akaikaza tena. Alimuuliza Patroba kwa nini hiki na kwa nini kile, naye Patroba, ambaye hakuwahi kuulizwa kitu na mtu aliyetaka kweli jibu, akawa msemaji. Siku moja Wazir hata akagombana na mwuza boliti kwamba amemletea za bandia. Aliona uchungu hasa. Alisema mtu anayeuza boliti za bandia hana Mungu.

Siku thelathini na mbili baada ya mahamri yale, gari lilitoka uwanjani. Lilikuwa limeinuka mpaka kiunoni mwa mtu, tumbo la chuma, pembe zimekatwa, baya kupita kiasi. Watu wa gatini walisogea kulitazama. Bi Mwanamkisi alilizunguka mara moja, akagusa tairi, akasoma Fatiha, akapanda benchi la kati.

"Omoni, fundi," akasema.

Wakaenda. Ammar kwenye usukani, Wazir kando yake, amejifunga mkanda na ameushika kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Msituni waliyapita matope ambayo lori lilikuwa limelala ndani yake siku mbili, na dereva wa lori akavua kofia. Vizuizini askari walisoma majina, wakaangalia gari, wakamwangalia Wazir, wakauliza nani amelifanya hivi. "Huyu hapa," Bi Mwanamkisi alijibu kila mara. "Mjukuu wa Matondoni."

Adhuhuri wakafika Meno ya Bibi.

Mwamba ulikuwa umelowa, mweusi, unang'aa. Wazir akavua mkanda. "Ammar, simama. Nishuke nikuongoze kwa mkono, ndivyo inavyofanywa."

Na kweli ndivyo inavyofanywa. Lakini nyuma kukatoka sauti ya upole. "Kuongoza nitaongoza mimi. Mato ya kuonea ninayo. Wewe ukae na kazi yako."

Akashuka yule mama mwenyewe, akapandisha buibui kidogo, akasimama juu ya jiwe mbele yao akiwaita kwa mkono kama anayeita kuku. Wazir alikumbuka upepo. Akachungulia dirishani akampigia kelele Bi Mwanamkisi kwamba wapunguze upepo wa matairi yapate kuukumbatia mwamba, na alipopewa ruhusa ya kushuka kwa kazi hiyo tu, aliifanya tairi kwa tairi, akarudi kitini.

Gurudumu la kwanza likapanda. Gari likalala upande wake wa kushoto mpaka Wazir akaona matope kwa chini. Tairi moja la nyuma likawa hewani. Hapa ndipo gari la zamani lingebaki likizungusha tairi hilo moja mpaka magharibi. Difu zikashika. Mabamba yakakwaruza mwamba kwa sauti iliyomtoa Wazir shahada, kisha shahada ya pili, kisha ahadi kadhaa kwa Mola wake ambazo sitazitaja kwa kuwa nyingine bado hajazitimiza. Springi zikanyooka, zikakunjamana. Gari likapandisha kitako chake polepole, likakaa juu, likateremka ng'ambo kwenye mchanga.

Hakuna kilichovunjika. Wazir aliteremka, akaingia chini kwenye mchanga uliolowa na kanzu yake ya safari, akashika nati moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyolegea. Akatoka analia. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata kwa kumwibia mtu yeyote, na hilo lilimuudhi sana.

Kiunga walimkuta Hayat yuko tayari, amevimba miguu, uso umemkauka kwa hofu ya siku nyingi. Alimkumbatia mamake hapo mlangoni wasiachane. Nesi wa pale alisema kungojea hakufai, waondoke saa hii hii, na yeye ataandamana nao. Mizigo ikapakiwa nyuma: godoro, mabunda ya nguo, masufuria, na maji ya njiani. Nesi akakaa mbele. Hayat akalazwa kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mamake.

Wazir alizunguka gari mara mbili akitafuta pa kuingia.

"Na mimi, Bi?"

Bi Mwanamkisi alichungulia dirishani. "Kulikuwa na viti vitatu vya nyuma, vya ngozi. Vingetutosha sote. Siyui vimekwenda wapi."

Wazir akafuta tope kwenye tairi kwa kiganja.

"Ile nusu yako iliyobaki imeshalipwa. Waiyua ililipwa lini." Akatoa mkono, akampa kitambulisho chake, na mfuko wa mahamri. "Allah akulipe heri, fundi. Kazi ni nzuri."

Gari likaondoka na nusu ya Kiunga wakilikimbilia nyuma.

Wazir alilala kwa Abdulhalim, fundi wa mashua aliyempa mkeka barazani bila kumuuliza mengi. Asubuhi akamkuta anaziba mashua kwa pamba na sifa, mafuta ya papa yanayonuka mpaka moyoni. Akaketi, akamweleza shida zake, akailaumu zaidi ile ada. Isingekuwa fundi kukaa omoni, alisema, leo angekuwa Tanga na simu mkononi.

Abdulhalim aliacha kupiga nyundo. "Ada ipi hiyo?"

"Ya mafundi wa vyombo. Safari ya kwanza."

"Mimi nimeunda vyombo thelathini na kimoja," akasema Abdulhalim, "na sijapanda hata kimoja. Bahari hunichafua moyo. Na babangu vivyo hivyo. Ada yetu ni kulipwa na kwenda zetu."

Akarudi kwenye pamba yake. Wazir alikaa palepale hadi jua likampata.

Siku ya nne simu ya Abdulhalim ililia, mpigaji akimtaka Wazir.

"Hayat amezaa," akasema Bi Mwanamkisi. "Mtoto mume. Walimpasua, wote wazima. Daktari asema tungetaahari siku mbili tungekuwa na maneno mengine."

"Alhamdulillahi," akasema Wazir, na moyo wake ukatua kweli, kwani alikuwa akimwazia yule binti kila usiku bila ya kumwambia mtu. Kisha akakohoa. "Bi. Ile ada ya kukaa omoni. Huku wanasema haiko."

Akasikia mtoto mchanga akilia mbali, na mtu akimbembeleza.

"Matondoni nimezaliwa mie, Wazir. Mafundi wake nawayua wote, walo hai na walotangulia. Fundi Nabhan simyui. Uliponiyia na babu, nami nikakupa ada."

Alipomrudishia Abdulhalim simu yake, palikuwa na mtu amesimama hapo barazani, funguo za pikapu mkononi, na nyuma yake wengine wawili.

"Eti wewe ndiwe fundi wa lile gari lililovuka Meno ya Bibi na mvua hii?"

Wazir akafungua mdomo. Ulimi ukajiweka tayari, kama kawaida yake, ukatafuta uongo unaofaa, ukakosa pa kuutia.

"Ndiye mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.